Chupa Moja, Picha Nne

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi, siku ambayo hospitali kuu ilitundika langoni kitambaa cheupe kilichoandikwa kwa herufi nyekundu: SIKU MOJA UMEMALIZA. Maana yake, mgonjwa anayetoka mbali asihangaike kulala mjini akingoja vipimo. Aingie asubuhi, apimwe kila kitu, jioni awe njiani kurudi kwake na majibu yake. Mkurugenzi alikata utepe, akapigwa picha na mkasi mkononi. Wa kupiga makofi hawakukosekana. Penye soda za bure hawakosekani.

Siku hiyo hiyo, chini kwenye kitengo cha mionzi, wagonjwa watatu walipigwa picha za mifupa na zote tatu zikatoka za ajabu. Mifupa ilikuwa imefifia kama chaki iliyofutwa kwa kiganja, na badala yake ini na figo ndivyo vilivyowaka. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mke wa fundi cherehani, mama aliyewahi kutibiwa saratani ya titi, ambaye sasa paja lilimuuma na kichwa kilimgonga. Aliambiwa mifupa yake iko safi. Akarudi nyumbani akamshukuru Mungu. Mwezi haukuisha, paja likavunjika akiinuka kitini, hajabeba hata kikombe. Alifia hospitalini akingoja operesheni. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshaula mfupa. Wangejua mapema wangetia chuma kabla haujavunjika.

Mkubwa akikosea, kosa hushuka ngazi mpaka limpate wa chini kabisa. Safari hii lilimpata dada mpigapicha wa kitengo kile. Wakubwa walisema ameuza dawa ya mionzi, ile anayodungwa mgonjwa ili mifupa ionekane pichani, kwa kliniki ya ng'ambo ya barabara, akawadunga wagonjwa maji.

Faili likaangukia meza ya Sajenti Kisiki. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kituoni walimwita Kisiki kwa sababu akishakaa mahali hang'oki, na anayempita bila kuangalia chini hujikwaa.

"Tia sahihi hapa," Mkuu wa Kituo alimwambia asubuhi hiyo, akisukuma faili kwa kidole kimoja. "Kesho binti anapandishwa kizimbani."

"Sijamaliza kusoma, Afande."

"Nimekusomea mimi. Dawa imeibwa, mtu amekufa, mwizi yuko ndani. Unataka nini tena, muziki?"

"Nataka kujua nani amemwona akiiba."

"Mkurugenzi wa hospitali amenipigia simu mara mbili."

"Ningekuwa yeye ningepiga mara tatu."

Mkuu alivua miwani. "Kisiki, kuna siku utang'olewa na trekta."

"Hiyo siku ikifika nitasogea. Kesho ni ya mahakama, nimesikia. Basi leo ni yangu."

Akalichukua faili bila kutia sahihi, akashuka mahabusu.

Mpigapicha alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu peku. Viatu walikuwa wamemvua mlangoni, lakini shingo hawakuweza kumwinamisha.

"Umeniletea karatasi nyingine ya kukiri?" aliuliza. "Ile ya jana nilipengea kamasi."

"Nimeleta masikio."

"Masikio ya humu yana nta."

Kisiki akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Wamekuta kopo tupu la dawa ya mionzi chumbani mwako. Lile zito, la madini ya risasi."

"Nazuilia nalo mlango. Mlango wa chumba chetu haushiki, nimeomba fundi tangu mwaka juzi. Nao ndio hao hao wanaosema wana hela ya kitambaa."

"Wanasema umeuza dawa iliyokuwa ndani."

Dada yule alicheka kicheko kikavu. "Dawa ile inakufa saa kwa saa, Afande. Ukiichelewesha mpaka jioni imekwisha nguvu. Kuiba dawa ile ni kama kuiba barafu na kuificha kwapani."

"Siku ile uliwachoma wangapi?"

"Wanne. Wote kutoka chupa moja."

"Faili linasema watatu."

"Faili limeandikwa na mtu anayetaka watatu."

Kisiki akaacha kuandika. "Wa nne ni nani?"

"Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa lori. Mzee Breki tunamwita, kwa sababu hawezi kupita dirisha bila kusimama kusalimia. Picha yake ilitoka safi, ungeweza kumhesabu mbavu ukiwa umesimama mlangoni."

"Chupa hiyo hiyo?"

"Chupa hiyo hiyo, mkono wangu huu huu, kamera hiyo hiyo."

"Kwa nini basi yake itoke na za wenzake zisitoke?"

"Ningejua ningekuwa nimekaa hapa na kunguni? Nilidhani kamera. Nikawarudia wale watatu, ikawa vile vile. Nikasema hizi picha si za kutolea majibu, wapangiwe siku nyingine." Alimwangalia usoni. "Sitii sahihi, Afande. Mnifunge, msinifunge, sitii. Na kabla hamjahangaika na mimi, waiteni wale wawili waliobaki hai. Wanatembea na neno 'safi' mfukoni kama noti bandia."

Kisiki alianzia ng'ambo ya barabara. Kliniki iliyosemwa imenunua dawa ya wizi ilikuwa na vyumba viwili, mashine moja ya eksirei, na mwenye kliniki aliyecheka mpaka akakohoa.

"Dawa ya mionzi? Nikishamdunga mtu nimpige picha kwa kitu gani, kwa simu yangu? Kamera ya kazi hiyo ni moja tu mji mzima, nayo iko kwao. Afande, hata wezi wanaiba kitu wanachoweza kukitumia."

Huo ulikuwa mwisho wa mnunuzi. Kisiki akavuka barabara, akaingia hospitalini kwa mlango wa nyuma, akashuka hadi chumba cha kuchanganyia dawa. Kuta zilikuwa nene, na juu ya meza matofali ya risasi yamepangwa kama ukuta wa kibanda cha kuku. Nyuma ya ukuta huo alisimama mchanganyaji, bwana mfupi mwenye maneno mengi. Kalamu zake zilisimama ndani ya kopo zito la risasi.

"Hilo umeliiba wapi?" Kisiki aliuliza.

"Hili? La kalamu hili."

"Mwenzako yuko ndani kwa ajili ya kopo kama hilo."

"Ukikamata kila mwenye kopo hili jengo zima litalala mahabusu. Panda juu kamwangalie Mkurugenzi, lake amelikandamizia karatasi zake."

"Nitapanda. Siku ile dawa uliitia maji?"

"Maji lazima. Ya chumvi."

"Umekiri."

"Na chai napika kwa maji pia, niandikie kosa la pili." Lakini alipoona uso wa Kisiki haucheki, naye akaacha. "Afande, maji yakizidi picha yote inafifia, kichwa mpaka kidole. Ini haliwezi kuwaka peke yake. Ini likiwaka hivyo..." Akajikatiza.

"Malizia."

"Likiwaka hivyo, mtu angeweza kusema dawa yenyewe iliharibika chupani."

"Na dawa hiyo ulichanganya wewe."

Jasho lilimtoka bwana yule chumbani humo mwenye baridi. Kisiki alimwacha lichuruzike. Ilielekea kuwa ndiyo hiyo. Mchanganyaji anakoroga vibaya, dada wa watu anabeba. Angeweza kuishia hapo, akabadilisha jina kwenye faili na kwenda kula. Askari wengi wangekwenda kula.

"Yule mzee dereva alichomwa wa ngapi?" aliuliza.

"Mzee Breki? Wa pili. Mke wa fundi wa kwanza, halafu yeye, halafu wale wawili."

"Una hakika?"

"Namkumbuka. Alinisalimia hapa dirishani mpaka mke wa fundi akamaliza kuchomwa."

Kisiki akafunga daftari. "Basi futa jasho. Chupa haiwezi kuoza kwa wa kwanza, ikapona kwa wa pili, halafu ikaoza tena kwa wa tatu."

Bwana yule aliketi kwenye kiti kama gunia lililokatwa kamba.

Nyumba ya Mzee Breki ilijulikana mtaa mzima kwa kichwa cha lori kilichoegeshwa uani, hakina injini wala magurudumu. Mzee mwenyewe alikuwa akikifuta kioo kwa gazeti lililoloweshwa.

"Leseni yangu iliisha muda," alisema alipoona sare, "lakini na hili gari halina pa kwenda."

"Nimekuja kuuliza habari za mifupa yako, mzee wangu."

"Mizima. Kuna mnunuzi?"

"Usimjibu upuuzi mtu wa serikali!" sauti ya mkewe ilitoka dirishani. "Mifupa ndiyo tu iliyobaki mizima kwako, uitaje kwa heshima!"

"Huyo ndiye trafiki wangu," mzee alisema taratibu. "Uliza, mwanangu."

"Siku ile ya kitambaa ulipimwa nini na nini?"

"Nilitakiwa nipimwe viwili, kama wenzangu. Kwanza sumaku, ile MRI, unaingizwa katikati kama ekseli ndani ya tairi. Halafu mifupa. Tulipanga foleni wanne, mke wa fundi mbele yangu, Mungu amrehemu. Alitoka kule ndani akanionyesha mkono, akasema, 'Mzee, hiyo dawa yao ya kung'arisha picha inaingia baridi kama maji ya mtungi.' Zamu yangu ikafika."

"Ukaingia."

"Nikafukuzwa! Kijana wa pale aliniuliza kama nina chuma mwilini. Nikamwambia nina betri ya moyo, hii hapa." Alijigonga chini ya bega la kushoto. "Akaruka kama aliyekanyaga nyoka. 'Toka, mzee, hii mashine itakuzimia betri!' Nikashushwa kwenye mifupa moja kwa moja. Nilikasirika siku nzima. Mtu umepanga foleni, unarudishwa kama gari bovu mizani."

Kisiki alisimama pale uani, mkono juu ya bamba la lori, akarudia kimoyomoyo. Wanne, chupa moja, mkono mmoja, kamera moja. Watatu wameingia kwenye sumaku na dawa yake wamedungwa. Mmoja amekataliwa mlangoni. Na picha iliyotoka ni ya huyo mmoja.

"Mzee wangu," alisema, "betri yako imefanya kazi ya polisi."

"Basi waniongezee pensheni."

Fundi cherehani alikuwa na kibanda kando ya kituo cha mabasi. Alishona sare za shule, macho hayatoki kwenye sindano. Pembeni yake mama mkwe wake, bibi mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alifumua mishono.

"Mmeshamfunga?" fundi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bado."

"Basi umefuata nini hapa? Vifungo?"

"Mwache mgeni akae kwanza ndipo umtukane," mama mkwe alisema, akasogeza rundo la kaptura.

"Akae akafanye nini, mama? Hawa wote kofia moja. Mke wangu nimempeleka kwao anatembea, wamenirudishia kwenye ubao. Mimi sikusoma, Afande, niliishia darasa la tatu. Lakini nguo ikiharibika najua nianzie kwa nani. Sianzii kwa aliyefunga vifungo. Naanza na aliyekata kitambaa."

"Na kama yule dada ni wa vifungo tu?"

Pedali ilisimama. Kwa mara ya kwanza fundi alimtazama.

"Unasema nini?"

"Nauliza kwanza. Mama, binti yako aliporudi siku ile alikusimulia nini?"

Mama mkwe aliweka wembe chini. "Alirudi kafurahi. Mwanangu mishipa yake ilikwisha kwa zile dawa za saratani, walikuwa wakimtafuta mshipa wanamtoboa kama ungo. Siku ile alinionyesha mkono. 'Mama, leo vipimo viwili, wamenichoma mara moja tu.' Nikasema, basi leo kapata nesi mwenye huruma."

"Mara moja tu," Kisiki alirudia.

"Tundu moja. Nililiona mimi."

Fundi alikuwa ameshaondoka kwenye cherehani, anavaa koti.

"Unakwenda wapi?" Kisiki aliuliza.

"Unakokwenda."

"Huendi. Hii ni kazi ya polisi."

"Nikataze."

Mama mkwe akachukua wembe wake. "Huyo hakatazwi, Afande. Mimi nimejaribu toka alipokuja kuposa. Mkwe wangu, nenda. Lakini leo sikiliza zaidi kuliko kusema."

Nesi wa zamu walimpata kwenye korido ya chini, anasukuma kitoroli. Alipoulizwa habari ya sindano hakuzunguka.

"Ndiyo, niliwaachia kanula mkononi, ule mrija mdogo wa sindano. Wametoka nayo kwenye sumaku, na dada mpigapicha akaitumia hiyo hiyo kwa dawa ya mifupa. Nimwache mama wa watu anachomwa mara tano kutafuta mshipa wakati njia imeshafunguliwa? Nilipitisha maji ya chumvi kwanza, nikaisafisha."

"Muda gani baada ya sumaku?"

"Wanatoka kule, wanashushwa hapa. Kutembea tu."

"Zamani ilikuwa hivyo hivyo?"

Nesi akatazama ukutani. Pale palipokuwa na tangazo palibaki mraba mweupe na gundi kavu kwenye pembe.

"Zamani aliyepigwa sumaku kwa dawa alipangiwa mifupa siku nyingine. Ilibandikwa hapo. Wakaibandua siku ya kitambaa, wakasema ratiba mpya inatoka juu. Mimi ni mtu wa zamu, Afande. Ratiba ikitoka juu, mimi naishika ikifika chini."

"Njoo nasi juu. Ukayaseme hayo mbele ya walioitoa."

Nesi alikiacha kitoroli katikati ya korido. "Twende. Nimechoka kunong'ona."

Mkurugenzi alikuwa na ofisi yenye zulia. Karatasi zake zilikandamizwa na kopo la risasi lililong'arishwa. Alikuwapo pia daktari wa kitengo cha mionzi, mwanamume mwembamba mwenye mvi, aliyeitwa kutia sahihi ushahidi dhidi ya mpigapicha. Fundi alijibanza karibu na mlango, kofia mkononi.

"Huyu ni nani?" Mkurugenzi aliuliza.

"Mwenye msiba," Kisiki alijibu.

"Pole, ndugu. Tunafanya kila tuwezalo, mhusika ameshakamatwa."

Fundi hakujibu. Kisiki alishangaa. Mtu aliyebwata njia nzima sasa ameziba mdomo kama kuku aliyenyeshewa.

"Mheshimiwa," Kisiki alianza, "wagonjwa walikuwa wanne. Mmoja mmemsahau kwenye faili. Dawa yao ilitoka chupa moja, na picha ya huyo mliyemsahau ikatoka nzuri. Kwa hiyo dawa haikuibwa, haikutiwa maji, haikuoza. Kitu kimoja kinamtenga na wenzake. Hakudungwa dawa ya sumaku, kwa sababu ana betri moyoni. Daktari, nieleze kama mtu wa mtaani. Ile dawa ya sumaku ikitangulia mwilini, dawa ya mifupa inapatwa na nini?"

Daktari alimtazama Mkurugenzi, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Mjibu Sajenti," Mkurugenzi alisema, "na umwambie hayo ni mambo ya kitaalamu."

"Si ya kitaalamu sana," daktari alisema polepole. "Dawa ya sumaku ina madini yanaitwa gadolini. Yanasafiri mwilini yamefungwa, na figo inayatoa taratibu. Ukileta dawa ya mifupa kabla hayajatoka, zinaweza kukutana na kuvurugana. Haitokei kwa kila mtu wala kila dawa. Ikitokea, dawa ya mifupa inapoteza njia. Badala ya kushika mfupa inakwenda kukaa kwenye ini, kwenye figo. Mfupa unabaki hafifu."

"Na uvimbe ulio kwenye mfupa?"

"Nao unaweza kufichika."

"Mpigapicha anaweza kuuzuia huo mvurugano?"

"Hapana. Anayeweza ni mpanga ratiba."

Nesi aliguna. "Mpanga ratiba ana zulia."

"Mama, angalia mdomo wako!" Mkurugenzi alisimama. "Ratiba ile imesaidia mamia ya wanyonge. Mnajua mgonjwa anatoka wapi, analala wapi? Nani kati yenu alikuja kuniambia kuna tatizo?"

"Mimi," daktari alisema. "Nilikuambia tuziachanishe siku."

"Uliniambia kwenye ngazi! Umeniandikia?"

"Hukuniuliza kwa maandishi ulipotaka tangazo libanduliwe."

Walitazamana kama majogoo wawili waliokwisha kuchoka. Kisiki hakungoja wachoke zaidi. Alitoa simu, akampigia Mkuu wa Kituo, akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Afande, mfungulie yule dada. Mpe na viatu vyake."

"Umelewa?"

"Dawa haikuibwa. Nina mashahidi wanne, na mmoja ni daktari wao wenyewe, nimemsikia akisema mbele ya Mkurugenzi. Faili bila sahihi yangu haliendi kortini, na sahihi yangu huipati. Ukitaka sana, tia yako, halafu wewe ndiye utakayemweleza hakimu jinsi chupa inavyooza na kupona."

Upande wa pili walisikia kiti kikivutwa, na Mkuu akifoka mbali na simu, "Leteni ufunguo wa mahabusu!" Kisha karibu: "Kisiki, trekta linakuja."

"Lije na dereva mzuri."

Akakata. Akamgeukia nesi. "Wale wagonjwa wawili waliobaki, waite leo, warudiwe picha bila sumaku."

"Sasa hivi," nesi alisema, akaanza kutafuta namba palepale, bila kumwomba ruhusa mtu.

Mkurugenzi aliketi. Sauti yake ilirudi chini, tamu kama ya mtu anayeuza kiwanja. "Sajenti, tuwe watu wazima. Picha zilitoka mbaya, sawa, ratiba. Lakini picha mbaya haiui mtu. Kinachoua ni kuisoma mbaya na kuiita safi. Hilo si langu, mimi si daktari. Mwulize aliyezisoma."

"Ni haki," Kisiki alisema. "Daktari?"

Uso wa daktari ulikuwa umebadilika rangi. "Mimi sikuzisoma."

"Kitengo chako kina msomaji mwingine?"

"Hakina. Lakini wiki ile sikuwapo nchini. Nilikuwa kwenye mkutano, amenituma yeye." Akamwonyesha Mkurugenzi kwa kidevu. "Niliporudi nilizikuta, nikasema zirudiwe. Nikaambiwa wagonjwa wameshapata majibu yao. Nikadhani umemleta daktari wa kuazima."

"Sikuleta mtu," Mkurugenzi alisema haraka. "Nilidhani umezisomea huko huko uliko, kwa kompyuta."

"Sikuzisoma mimi."

Kila mmoja alimtazama mwenzake, na mara hii haikuwa kwa hasira. Kisiki aliiona hofu ya kweli ikiingia ofisini mle na kukaa juu ya zulia. Aligeuka taratibu kuelekea mlangoni.

"Fundi, nyinyi majibu mlipewa na nani?"

"Kwa simu," fundi alisema. "Tukiwa ndani ya basi, hatujafika hata nusu ya njia. Mke wangu aliweka sauti ya juu ili nami nisikie. Mwanamume. Alitaja jina lake lote, akataja na paja linalomuuma. 'Mama, mifupa yako ni safi kabisa, usiwe na wasiwasi.' Mpole sana. Mke wangu alilia kwa furaha, abiria wakampongeza."

"Ukiisikia tena hiyo sauti utaijua?"

"Mmedhani nimefunga mdomo humu ndani kwa adabu?" Fundi alivaa kofia yake, akaikandamiza. "Nimekuja kuwasikiliza. Nimemsikiliza bwana mkubwa akiwa mpole na akifoka. Nimemsikiliza daktari. Kule chini nimewasikiliza wanaume wote tuliowapita kwenye korido. Sauti ile haimo."

Akawatazama mmoja mmoja, yule mwenye zulia, yule mwenye mvi, nesi aliyeshusha simu kutoka sikioni, na Kisiki mwenyewe.

"Basi semeni, maana nyinyi ndio mliosoma. Nani alimpigia mke wangu?"